Bwana Mifugo na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Bwana Mifugo alikuwa akiingia dukani kwangu na gambuti miguuni, masika na kiangazi, na kabla ya kusalimia alitupa jicho kwanza kwenye soketi ya ukutani. Akiiona haina kitu, uso ulimlainika, ndipo salamu zikafuata. Nikisema, "Shikamoo, Bwana Mifugo," anajibu, "Marahaba, Mama Fotokopi, umeme upo?" kwa pumzi moja. Nilikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Mimi ni mtu wa Moshi. Nilifuata biashara ya watalii, nikaishia kuwachapia vijana barua za kuomba kazi za hoteli. Yeye alikuwa ofisa mifugo mstaafu, Mwiraqw wa Rhotia, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake, hata mkewe. Nami sitalitaja.

Kilichomleta kwangu ni kibao chake. Leo vitu vya namna ile viko mikononi mwa kila mtu, lakini wakati ule, simu za mkononi zenyewe zikiwa bado za kubonyeza, kilikuwa kioja. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, kizito kuliko kinavyoonekana, kioo upande mmoja, hakina vitufe vya kuandikia. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nzima, ile ile iliyokuwa juu ya meza yangu, na madirisha yake, mafaili yake, kapu lake la taka na mshale wake, vyote vimesongamana kwenye kioo kisichozidi kiganja. Alikuwa ameachiwa kibao hicho na mtafiti wa kigeni, daktari wa mifugo, aliyezunguka naye misimu miwili akichunguza ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Watu walidhani ni redio. Mchungaji wa usharika alidhani ni kamera, akawa anakaa sawa kila Bwana Mifugo alipokitoa.

Kuishi na kitu kile kulihitaji subira ambayo mimi sina. Kukiwasha kulichukua muda mrefu, lakini yeye hakuliona hilo kuwa tatizo. Alikuwa akifika kwenye boma la mfugaji, anakiwasha, anakiweka juu ya jiwe, kisha anaanza salamu. Anauliza watoto, anauliza mvua, anauliza malisho, anauliza wagonjwa, naye anaulizwa vile vile. Salamu zikiisha, kibao nacho kiko tayari. Alinieleza kwamba waliokitengeneza lazima walikuwa watu wenye adabu. Kukizima ilikuwa hivyo hivyo. Mimi kompyuta yangu ikinikera nilikuwa naichomoa ukutani, naye akiona hivyo alifumba macho. "Huwezi kuondoka kwa mtu bila kuaga," alisema, na alingoja mpaka maneno yote ya kwaheri yaishe na kioo kiwe cheusi ndipo akakifunga kwenye khanga ya mkewe.

Herufi zilikuwa ndogo kama ulezi. Alivaa miwani, na juu ya miwani akashika kioo cha kukuzia, kile alichokuwa akitazamia kupe kazini. Alipotaka kuandika, kibodi ilitokea juu ya kioo chenyewe na kufunika nusu ya maandishi, kwa hiyo alikuwa anaandika asichokiona na kuona asichokiandika. Aligusa herufi moja moja kwa kalamu ya plastiki iliyofungwa kwa uzi wa shanga shingoni mwake. Betri ilidumu saa mbili, pungufu kidogo wakati wa baridi. Alipokuwa mbali na soketi yangu alikichaji kwa waya kutoka kwenye betri ya gari, gari lolote, na madereva wa watalii walimjua. Alikuwa akisimama mbele ya magari yao na waya mkononi, mnyenyekevu na asiyeondoka. Mwezi wa saba, Rhotia inapokuwa na ukungu mpaka saa nne, alikikumbatia kwa sababu kilipata joto haraka. Mkewe alisema kwamba kwa mara ya kwanza katika ndoa yao anaona wivu.

Picha iliyotokea kikiwaka ilikuwa ya kilima chenye majani mabichi chini ya mbingu ya buluu. Wafugaji walimzunguka kuitazama. Swali la kwanza lilikuwa moja kila mahali: malisho haya yako wapi? Swali la pili: kama yapo, kwa nini hayana ng'ombe hata mmoja? Alijibu kwamba hajui, na kwamba mwenye kibao hakumwambia. Wapo waliomwona mchoyo kwa jibu hilo.

Sasa niseme alichokuwa akikiandika, maana ndicho kiini cha yote. Ukimuuliza Mmaasai ana ng'ombe wangapi, umemkosea. Ng'ombe hawahesabiwi, ukiwahesabu umewaita mauti. Mwenye ng'ombe anasimama kwenye mlango wa boma jioni wakiingia, anawatazama sura na rangi, na asiyekuwepo anaonekana mara moja, kama mama anavyojua mtoto gani hayupo mezani. Bwana Mifugo alifanya kazi miaka mingi kwa watu hawa na hakuwahesabia hata ndama. Alipotakiwa na ofisi kupeleka idadi ya waliochanjwa, alihesabu chanjo zilizobaki kwenye boksi, akaandika hizo, akaiacha ofisi ifanye hesabu yake yenyewe ya kutoa. "Kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi," aliniambia, "ni kumuuliza ana siri ngapi. Hata akikujibu, atakuwa amekudanganya kwa adabu."

Miongoni mwa waliomwamini alikuwamo mama mmoja wa upande wa juu wa Ngorongoro ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Mume wake alikuwa mgonjwa asiyeweza kuinuka, na yeye Yeyo macho yalikuwa yanafunga utando mweupe, mwaka hadi mwaka. Watoto wao wa kiume wawili walikuwa shule ya bweni, mbali. Ng'ombe wao wengine hawakuwa pale nyumbani. Mzee alikuwa amewaweka kwa rafiki yake huko Soitsambu, kama desturi ilivyo, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja usimalize wote. Marafiki wa namna hiyo hawaitani majina tena. Wanaitana Pakiteng, kwa sababu wamepeana ng'ombe. Yeyo aliona kwamba mumewe akiondoka na macho yake yakizima, hakutakuwa na anayewajua ng'ombe wa Soitsambu, ambao ndio waliokuwa mtaji wa wale vijana wawili maishani. Akamwita Bwana Mifugo na kibao chake.

Ilichukua siku tatu. Yeyo alitaja, mzee amelala juu ya ngozi akiitikia kwa kichwa au akikataa, na Bwana Mifugo akaandika. Hawakuanza na ng'ombe walio hai. Walianza na bibi yao, mweusi mwenye tumbo jeupe aliyekuja na Yeyo siku ya harusi, wakashuka: amezaa fulani, naye amezaa fulani, huyu yuko hapa, huyu alikwenda kwa Pakiteng. Waliokufa waliandikwa pia. Nilipomuuliza kwa nini anajaza wafu, alinitazama kwa huruma. "Ng'ombe aliyekufa bado ni mama wa ng'ombe."

Siku ya pili mzee aliomba akione kile kitu. Aliwahi kusoma madarasa mawili utotoni na namba alizijua. Akakitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole upande wa kushoto wa kioo, ambako jedwali linajiandikia lenyewe namba za mistari, moja, mbili, tatu, kushuka chini. "Hizi ni za nini?"

Bwana Mifugo alinisimulia kwamba jasho lilimtoka mpaka ndani ya gambuti. Yeye hakuhesabu, lakini mashine ilikuwa imehesabu tangu jana bila kuagizwa. Mzee alijifunika uso kwa shuka, na ingekuwa mtu mwingine kazi ingeishia hapo. Yeye akafungua mkoba wake wa dawa, akatoa plasta ya kidonda, akakata ukanda mrefu, akaubandika juu ya kioo upande ule wa kushoto, juu mpaka chini. Namba zikatoweka. Mzee akafunua uso, akatazama, akasema waendelee. Plasta ile haikutoka tena. Tatizo ni kwamba kwenye kona ya chini kushoto ndipo palipo kitufe cha kufungulia kila kitu, kwa hiyo ilimbidi atoboe kidirisha kwa wembe, na kuanzia siku hiyo aliingia kwenye kompyuta yake kupitia tundu la plasta. Kibao kililala dukani kwangu mara nyingi kikichaji. Siku moja niliweka ukucha kwenye ukingo wa ile plasta. Niliondoa mkono bila kuibandua, na sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa woga.

Kabla ya kumaliza, mzee alimwapisha. Orodha isitoke kwenye kibao kwenda kwenye karatasi, kwa sababu karatasi inapita mkono kwa mkono, na mwenye mikono akipata nafasi atahesabu. Bwana Mifugo aliapa.

Mzee alifariki mwaka huo huo. Hata majonzi hayajapoa, mdogo wake, shemeji yake Yeyo, akaanza kusema kwamba ng'ombe wa Soitsambu ni wake yeye. Kwamba ndiye aliyewaswaga kuwapeleka, na kaka yake alikuwa amempa kwa mdomo. Pakiteng wa Soitsambu alijibu kama mtu wa haki: nitawatoa kwa yule atakayewataja mmoja mmoja na mama zao. Lakini Yeyo hakuweza kuwa shahidi wa madai yake mwenyewe, na vijana hawakuwajua. Ndipo ilipotajwa orodha ya marehemu iliyomo kwenye kibao. Shemeji alikubali, kwa shingo upande, kwamba maneno aliyoyaitikia kaka yake yatasikilizwa. Wakati ule ulikuwa wa ukame na ng'ombe wasingeweza kutembea, basi wakakubaliana wakutane mvua zikinyesha na majani yakirudi.

Kwa hiyo mali ya vijana wawili ilikuwa ndani ya kile kibao, na mimi niliyekuwa naona kinavyopata moto na kuzimika ovyo sikuweza kunyamaza. "Bwana Mifugo, nikutolee nakala moja tu. Tutaifunga kwenye bahasha, tutaipiga gundi."

"Niliapa."

"Basi tuhamishie kwenye flashi. Flashi si karatasi."

Hilo alilifikiria wiki nzima. Akarudi na jibu ambalo mpaka leo sijui nilipinge vipi. "Nikinakili, Mama, nitakuwa na makundi mawili. Ndama akizaliwa nitamwandika hapa, kule hayupo. Lipi ndilo kundi la Yeyo?" Nilimwambia kompyuta haifikiri hivyo. Akasema ng'ombe ndivyo wanavyofikiri.

Mtu asidhani alikuwa malaika, au hata mtu wa kueleweka. Alitibu ng'ombe maisha yake yote na hakufuga hata mmoja, alifuga sungura. Wafugaji walimdhihaki kwa hilo, naye aliwajibu kwamba daktari wa meno hafugi meno. Maziwa hakunywa, yalimsumbua tumbo, na katika maboma ya wafugaji, ambako kukataa maziwa ni kumkataa mtu, alikuwa anayapokea kwa mikono miwili, anayaweka kando ya goti, na kumngojea paka. Hakuogopa fahali, lakini aliogopa mbwa, hata mdogo. Alikuwa anasimama nje ya uzio akiita mpaka mtu atoke. Kanisani alikuwa mzee wa usharika na aliwahi kusimama na kukemea vijana wanaocheza karata. Kumbe ndani ya kibao mlikuwa na karata. Nilimkuta siku moja nyuma ya duka, miwani puani, kioo cha kukuzia mkononi, akihamisha malkia mwekundu juu ya mfalme mweusi kwa ile kalamu ya shanga. Hakuruka wala hakuona haya. "Hizi hazishikiki," alisema, "na hakuna ninayemshinda."

Ila jambo moja hakulichezea. Hakusema asichokiona. Katika ujana wake kazini, barafu iliyeyuka kwenye boksi la chanjo njiani, naye hakugundua mpaka alipokuwa amekwisha kuchanja maboma kadhaa. Ofisini hakuna ambaye angejua. Yeye alirudi kwa miguu, boma kwa boma, akasimama nje ya uzio kwa sababu ya mbwa, akapaza sauti: "Nilichowachoma ng'ombe wenu juzi kilikuwa maji. Nisameheni. Nitarudi." Alitukanwa, na mahali pamoja alirushiwa fimbo. Lakini tangu hapo, wazee walipobishana juu ya jambo lolote la mifugo, walikuwa wakiuliza: Bwana Mifugo amesemaje? Akisema ameona, basi imeonekana. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote, nami ni mtu niliyezoea kuwachapia watu vyeti vya uzoefu wa kazi ambazo hawajawahi kufanya.

Tukio lile la barafu lilimwachia pia imani moja: kila kinachookoa ng'ombe hukaa kwenye baridi. Kipindi cha ukame ule aliombwa kusaidia kuchanja mbuzi upande wa Soitsambu. Jua lilikuwa kali, na njiani kibao kikapata moto na kujizima. Siku ya pili alifanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote mwenye kompyuta asingelifanya, na ambalo bwana mifugo yeyote angelifanya bila kufikiri. Alikifunga kwenye khanga, akafungua boksi la chanjo, akakilaza juu ya barafu kati ya chupa, akafunika. Walipofika, akakitoa kikiwa baridi safi, kinatiririka maji. Akafurahi. Akakiwasha, kikawaka mara moja, kikazimika.

Alikileta kwangu. Tulikianika. Tulikizika kwenye debe la mchele. Nilikipeleka mwenyewe Arusha kwa fundi, akakifungua, akatazama kutu ya kijani, akatikisa kichwa, akakifunga. Nilimuuliza kama anaweza kuokoa hata yaliyoandikwa ndani. Alisema hata hayo yamekwenda. Nilirudi Karatu na maneno hayo, na Bwana Mifugo aliyasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema ahsante, akaondoka. Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa kiapo chake na kwa makundi yake mawili, na nilipofunga duka siku hiyo nililia kidogo, kwa ajili ya vijana ambao sikuwahi hata kuwaona.

Mvua zikanyesha.

Alikuja asubuhi moja amevaa koti la kanisani. Kikao ni kesho kutwa, alisema, na shemeji ameweka sharti: mashine ya mtu mmoja inaweza kusema anachotaka mwenyewe, kwa hiyo aje na mtu mwingine anayezijua kompyuta, akae pale na kushuhudia. "Nimekutaja wewe."

Jirani yangu mwenye gereji alitupeleka kwa pikapu. Tulipita geti la hifadhi ya Ngorongoro, tukapanda kwenye msitu na ukungu wake, tukashuka upande wa pili kwenye majani mafupi mabichi yaliyokuwa ndiyo kwanza yametoka. Kibao kilikuwa magotini mwake ndani ya khanga. Nilivumilia mpaka msitu ukaisha.

"Bwana Mifugo, kitu hicho hakiwaki."

"Najua."

"Sasa unakwenda kusoma nini?"

"Nilikisoma kila siku tangu mzee afariki mpaka kilipozimika. Kila siku, Mama. Ng'ombe wote ninao kichwani."

"Basi waambie hivyo. Sema kimekufa, lakini ninao kichwani."

Alitazama nje. "Nikisema kwa kichwa changu, shemeji atasema nimefundishwa na Yeyo. Kikisema kibao, amesema marehemu." Kisha akafungua fundo la ile khanga, akalifunga tena.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye majani nje ya boma la Yeyo. Bwana Mifugo alimsogelea Yeyo kwanza, akainama kumwamkia kwa Kimaasai. "Yeyo, takwenya." "Iko," aliitikia, na akanyoosha mkono kutafuta sauti ilipo. Macho yake yalikuwa meupe kabisa sasa. Alikaa karibu na mlango wa boma, mbali kidogo na wanaume, kwa kuwa mwenye kudai hakuruhusiwa kuingilia. Shemeji alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, si mwovu wa kutazama. Pakiteng alikuwa mzee kuliko wote, na alikuwa ametembea siku mbili kutoka Soitsambu.

Bwana Mifugo alikiweka kibao juu ya jiwe, akabonyeza palipo pa kuwashia, akaanza salamu. Uvumilivu uliponiishia alikuwa bado anauliza mvua. Hatimaye akakaa, akavaa miwani, akashika kioo cha kukuzia, akakisogeza kibao karibu na uso kama siku zote, na akasoma.

Alisoma kwa Kimaasai, na kila alipomaliza mmoja alirudia kwa Kiswahili ili mimi nifuate. Mweusi mwenye tumbo jeupe, bibi yao. Amezaa mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Mwekundu amezaa wa madoa, amekufa kwa ndigana. Wa madoa ameacha jike mweupe wa kichwa cheusi, huyo alikwenda kwa Pakiteng. Pakiteng aliitikia: yupo. Aliendelea, mstari kwa mstari, na kalamu yake ikishuka juu ya kioo ambacho hakikuwa na kitu. Kila alipotaja aliyeko Soitsambu, Pakiteng aliitikia: yupo. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Nilianza kupumua.

Akafika kwa wa kijivu. "Wa kijivu, binti wa mwekundu. Amezaa..." Akanyamaza. Kalamu ikasimama. Nilidhani anapumzika, kisha kalamu ikarudi nyuma ikaanza tena mahali pale pale, nikajua kwamba ndama wake hamkumbuki. Yeyo pale mlangoni aliinua kichwa. Midomo yake ilicheza bila sauti. Yeye alimjua, na hakuruhusiwa kusema.

"Mbona imenyamaza?" shemeji akauliza.

"Macho," Bwana Mifugo akasema. "Macho yangu."

"Haya, pea huyo mama ya kompyuta. Yeye macho yake mazima. Asome."

Kikaletwa mikononi mwangu. Kilikuwa kizito na cha baridi, na ndani yake niliona wingu na uso wangu mwenyewe. Ningeweza kusema betri imeisha. Ningeweza kusema kweli, na kweli ingekuwa na faida zake, maana mimi sikuwa na ng'ombe pale wala ndugu. Nilikisogeza karibu na macho, kama nilivyomwona yeye akifanya.

Pakiteng akainuka kwa fimbo yake. Alikuja taratibu mpaka nyuma yangu, akainama juu ya bega langu, nikasikia harufu ya ugoro. Alikitazama kioo cheusi. Alikitazama muda wa kutosha. Kisha akanitazama mimi, karibu kabisa, kwa macho ya mtu ambaye amewatazama ng'ombe wa rafiki yake wakiingia bomani kila jioni kwa miaka, na anayejua wote ni wa nani.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "hapo si imeandika ile kijivu ndogo, ile fisi ilikula sikio?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

"Iko," akasema Pakiteng. "Iko kwangu." Akarudi mahali pake akakaa. Bwana Mifugo alichukua kibao, akaendelea mpaka mwisho, na hakukwama tena. Shemeji alipiga fimbo chini mara moja, akasema amesikia maneno ya kaka yake. Ng'ombe walifika kwa Yeyo kabla ya mwezi kuisha. Sikuulizwa walikuwa wangapi, wala sikuuliza.

Ile ndiyo ilikuwa siku yangu ndefu ya mwisho pamoja naye. Baada ya muda mfupi niliuza duka nikahamia Arusha. Siku hiyo tukirudi, alitazama nje tangu bomani mpaka getini, na tangu getini mpaka Karatu. Mimi nilikuwa na furaha, sifichi. Nilitaka tuicheke pamoja. Pikapu ilimfikisha Rhotia, akashuka na khanga yake, akasimama ameshika mlango.

"Leo nimesema uongo mbele ya wazee."

"Ng'ombe ni wa kweli, Bwana Mifugo. Kila uliyemtaja yupo."

Akafikiri. Mkewe alikuwa ametoka mlangoni anamngojea.

"Niliowataja mimi, ndiyo," akasema. "Hao nitaulizwa mimi huko juu, na nitajibu. Lakini yule wa sikio, Mama, utaulizwa wewe."